Maji Yakigeuka Rangi, Nani Atazamaye?

Kwetu pwani mtoto hufunzwa bahari kabla ya kuandikiwa alifu ubaoni. Mimi bibi yangu, mzaa mama, alinifunza mambo matatu kabla sijapelekwa chuoni: kwamba bunju haliwi hata kwa njaa, kwamba ng'amba, hata akinona vipi, si kitoweo cha mtu mwenye akili zake, na kwamba maji ya bahari yakigeuka rangi, mtu haokoti kome wala chaza mpaka yarudi kuwa maji. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa lile jibu la mabibi wote wa mwambao: "Ndivyo tulivyowakuta wakubwa zetu." Nikanyamaza, kwani mtoto wa zama zile hakuuliza mara mbili.

Miaka ikapita, nikasoma, nikaingia katika kazi hii ya kalamu, na mafunzo ya bibi nikayatia katika kapu moja na ngano za sungura na fisi. Yakakaa humo mpaka mwezi wa Machi, 2024, zilipotufikia habari za msiba kutoka kisiwa cha Panza, huko Pemba. Watu walikula nyama ya kasa, nyama ambayo visiwani huhesabiwa kuwa ni tunu. Wakafa watoto 8 na mwanamke mmoja, na watu 78 wakapelekwa hospitali. Wala haukuwa msiba wa kwanza: mwezi wa Novemba, 2021, watu 7 walikwisha kufa Pemba kwa kitoweo hicho hicho.

Nilikaa na gazeti mkononi nikimfikiri bibi. Yeye alinikataza ng'amba. Kasa mwingine hakunikataza. Basi hata elimu ya wakubwa ina mpaka wake, na aliyekufa kwa kutojua hana wa kumlaumu. Wataalamu wanasema kasa haizaliwi na sumu. Inadhaniwa kuwa huikusanya mwilini kutokana na anavyokula huko chini, na wanaoshukiwa zaidi ni vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Sumu hiyo haina dawa ya kuizima, na moto wa jikoni hauiui. Nyama ikiwa nayo, hata ukiichemsha mchana kutwa, unachemsha kazi bure.

Vijimea hivyo ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu leo.

Jina lao la kitaalamu ni fitoplanktoni, na limetoka katika Kiyunani: mmea utangatangao. Ni jina zuri, namhusudu aliyelitunga. Mmea huu hauna mizizi wala shina, ni chembe moja tu, unachukuliwa na mkondo huku na huko, unakula jua na chumvichumvi za maji. Lakini usiudharau. Karibu nusu ya kazi yote ya mimea ya dunia, ile ya kugeuza mwanga wa jua kuwa chakula na kutoa hewa tunayopumua, hufanywa na hawa watangatangaji wa baharini. Usingekuwapo mmea huu usingekuwapo dagaa. Na pasipo dagaa hakuna nguru, hakuna jodari, hakuna papa, wala hapana mji wa Lamu wala Mombasa tunaoujua sisi.

Aina zake ni maelfu, na zenye sumu hazifiki 300. Walio wengi ni wema. Taabu huanza pale maji yanapopata moto, yakatulia, yakawa na chakula kingi kupita kiasi. Chakula hicho aghalabu ni naitrojeni na fosforasi. Pengine hupanda kutoka vilindini, pengine huletwa na mito wakati wa mvua, na pengine, tuseme kweli, hutoka katika vyoo vyetu na mbolea za mashamba yetu. Hapo chembe moja hugawika ikawa mbili, mbili zikawa nne. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji: chembe moja ikigawika mara moja kwa siku, na isife hata moja, siku ya ishirini zimepita milioni. Ndipo bahari ikageuka nyekundu, au kahawia, au kijani kama maji ya mchicha.

Jamaa zetu walioko Muscat na Dubai wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mwaka 2008 kijimea kiitwacho Cochlodinium kilitokea katika Bahari ya Oman, kikaingia Ghuba, kikakaa zaidi ya miezi minane, kikienea katika zaidi ya kilomita 1,200 za pwani. Samaki wakafa tani kwa tani. Na kwa kuwa nchi zile hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, mitambo kadhaa ya kusafishia maji ikalazimika kufungwa. Watu wenye mafuta chini ya miguu yao wakaingiwa na hofu ya kiu kwa sababu ya chembe ambayo elfu zake huenea katika kijiko.

Lakini hapa ndipo ninapotaka kumsahihisha bibi, Mungu amrehemu. Rangi si sumu, na sumu si rangi. Kaskazi inapolainika, katika pwani yetu hii hutokea utando wa rangi ya majani makavu unaoelea kama unga wa msumeno. Mabaharia wa Kapteni Cook waliuona mwaka 1770 karibu na Australia, nao wakauita hivyo hivyo, unga wa msumeno wa baharini. Hicho ni kijimea kiitwacho Trichodesmium, na mara nyingi hupita bila kumdhuru mtu. Kwa upande wa pili, viko vijimea vyenye sumu kali ambavyo chembe elfu chache tu katika lita moja ya maji zatosha kuwafanya kome wasilike, na maji yenyewe ukiyatazama ni meupe, safi, yanakualika kuoga.

Sababu ni kwamba kome na chaza hula kwa kuchuja. Mmoja mmoja huvuta maji lita baada ya lita mchana na usiku, akitoa maji na kubaki na vilivyomo. Sumu aliyoichuja haimwumizi yeye, humngoja mlaji.

Kisa kilichonikosesha usingizi ni cha Kanada, mwishoni mwa mwaka 1987. Katika kisiwa kiitwacho Prince Edward hufugwa kome kwa wingi, na huuzwa mbali. Mwezi wa Novemba watu wakaanza kuugua baada ya kuwala: kwanza matapishi na tumbo, kisha kichwa, kisha kuchanganyikiwa. Waliougua walipita 100, na wasiopungua 3 wakafa. Serikali ya huko ilikuwa na desturi ya kuwajaribu kome kwa panya, kwani sumu nyingine ya kome ilikuwa ikijulikana zamani. Safari hii panya hawakufa kwa namna iliyozoeleka. Walijikuna mabegani kwa miguu ya nyuma kama waliopandwa na wazimu. Wataalamu wa Halifax wakakesha siku kadhaa, hata wakaipata: asidi iitwayo domoiki. Na ajabu yake, asidi hiyo ilikwisha kujulikana Japani tangu 1958, katika mwani ambao wenyeji wa visiwa vya kusini waliutumia kama dawa ya minyoo. Kumbe katika Ghuba ya Cardigan ilitoka katika kijimea chembamba mfano wa sindano, ambacho hakuna aliyepata kukidhania ubaya. Siku hizi chaitwa Pseudo-nitzschia.

Hayo ni mambo ya madaktari. Lililonishika mimi ni hili: baadhi ya waliopona walipoteza hifadhi. Mtu alikumbuka utoto wake, lakini jambo jipya halikukaa. Akaelezwa asubuhi, jioni hana habari nalo. Mimi nilikaa chuoni miaka saba. Nilihifadhi kwa fimbo na kwa mapenzi, na mpaka leo mali yangu kubwa si nyumba wala shamba, ni niliyoyaweka kichwani: sura, kasida, tungo za watu wa kale na chache zangu mwenyewe. Nikifikiri kwamba sahani moja ya kome yaweza kuufuta ubao huo, nywele hunisimama. Usiku ule niliandika beti hii, nami naileta hapa kama ilivyo:

Kilo kidogo majini, si kila jicho huona,
Huingia kome ndani, nyama yake ikanona,
Ukala una imani, tumbo zima lasonona,
Mwekeni mlinzi pwani, apime ndipo twapona.

Huyo mlinzi ni nani, na hupima nini? Nilipata kumwona kwa macho yangu kaskazi iliyopita, siku ya maji mafu, katika hori ya Mtwapa. Binti mmoja mwanafunzi wa elimu ya bahari aliniruhusu nifuatane naye katika ngalawa ya mzee mmoja mvuvi, ambaye nitamwita Nahodha kwa kuwa hakutaka jina lake liandikwe. Binti alikuwa na wavu mfano wa soksi ndefu, mdomo mpana, chini umefungwa chupa. Tundu za wavu ule kila moja ni sehemu moja ya hamsini ya milimita. Nahodha akaushika, akaupitisha vidoleni kama mtu anunuaye hariri.

"Mjukuu wangu, wavu huu ni wa kuvulia nini? Hata dagaa atakucheka."

"Wa kuvulia vilivyomo majini, babu."

"Majini?" Mzee akacheka hata akashika ubavu. "Basi mngeniambia mapema, nikaja na hirizi!"

Binti naye akacheka, kisha akaendelea na kazi. Aliteremsha kwanza sahani nyeupe kwa kamba mpaka isionekane, akaandika ni mita ngapi. Sahani hiyo ilibuniwa mwaka 1865 na padri wa Kitaliani, Angelo Secchi, na mpaka leo hakijapatikana kipimo rahisi kuliko hicho cha kujua uangavu wa maji. Akapima joto na chumvi. Akauvuta wavu polepole. Kisha akachota maji mengine kwa chupa bila wavu, akayatia matone ya iodini mpaka yakawa rangi ya chai kavu. Iodini huviua vijimea na kuvihifadhi visioze. Maji hayo huachwa yatulie muda mrefu katika bomba la kioo hata vyote vizame chini, ndipo vihesabiwe kimoja kimoja. Maji ya wavu hukuambia nani yuko. Maji ya chupa hukuambia wako wangapi.

Baadaye akaniweka kwenye hadubini. Lo! Miaka hamsini na ushei nimeitazama bahari, na sikupata kuiona. Palikuwa na visanduku vya kioo vilivyonakshiwa kuliko milango ya Lamu. Palikuwa na kijimea chenye pembe tatu, nanga tupu. Palikuwa na vilivyozunguka kama pia. Na pembeni palikuwa na vijiti vyembamba vilivyoshikana ncha kwa ncha, mfano wa mitumbwi iliyofungwa kwa kamba moja.

"Hivi, Ami, ndivyo vya kuhesabu," akaniambia. "Ni jamaa za vile vya Kanada. Wamo wenye sumu na wasio nayo, na kwa hadubini hii hawatofautishwi. Wakiwa wachache twaandika tu. Wakizidi, yabidi nyama ya kome ipelekwe ikapimwe."

Nikamwuliza, huzidi lini? Akasema hilo haliwezi kujibiwa na mtu aliyechota mara moja. Lazima achote kila wiki, mahali pale pale, mwaka hata mwaka, mpaka ajue mazoea ya maji yale. Ndipo siku yakienda kinyume aone. Nikakumbuka mwalimu wetu wa chuoni alivyokuwa akituambia juu ya kudurusu.

Nataka ieleweke kwamba kupima huku hakuzuii kijimea kuzaana. Hakuna wa kuiamuru bahari. Kinachozuiwa ni mlo. Kati ya siku chembe zinapoanza kuzidi na siku mtu anapopeleka kome mdomoni mna nafasi ya siku kadhaa, na kazi yote ya mlinzi imo ndani ya nafasi hiyo: kufunga uvunaji, kutangaza sokoni, kusubiri kome wajisafishe, na kufungua tena. Kanada tangu kisa kile wameweka kwamba kilo moja ya nyama ya kome ikizidi miligramu 20 za asidi ile, haiuzwi. California walijifunza mapema zaidi: mwaka 1927 watu 102 waliugua kwa kome na 6 wakafa, na mpaka leo kila mwaka, tangu tarehe mosi Mei hadi mwisho wa Oktoba, ni marufuku kwa mtu kujiokotea kome wa kula katika pwani ile. Husimuliwa kwamba hata kabla ya Wazungu kufika, wenyeji wa pwani hiyo waliweka watu usiku kutazama mawimbi. Yakimetameta, kome waliachwa. Nao pia, nadhani, walikuwa na mabibi zao.

Marekani wanalo jambo jingine la kuigwa. Mwaka 2001 idara yao ya bahari, NOAA, iliwaanzishia raia mtandao wa kujitolea: walimu, wanafunzi, wastaafu, mtu yeyote aishiye kando ya maji. Hupewa wavu mdogo na hadubini, wakafunzwa kuvitambua vijimea vinavyotiliwa shaka, nao huchota na kutazama kwa zamu na kupeleka habari. Wataalamu ni wachache, na pwani ni ndefu.

Pwani yetu nayo si fupi. Taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iko Mombasa tangu 1979, na wataalamu wake wamekwisha kuorodhesha vijimea kadhaa vya Kenya vyenye uwezo wa kutoa sumu. Elimu ipo. Ninalolitamani mimi ni macho mengi zaidi, kila wiki, tangu Vanga hata Kiunga.

Nalitaja Kiunga kwa kuwa nina deni nalo. Mapema mwaka 2002 samaki walikufa kwa wingi wakaelea katika maji ya kaskazini ya Kenya na pwani ya Somalia, na katika miezi hiyo hiyo aina fulani za matumbawe zikafa mwambani. Kuhusu samaki, vilishukiwa vijimea. Mimi wakati ule nilikuwa kijana mwandishi nisiye na uzito wowote. Mvuvi mmoja niliyemkuta Lamu akaniambia kwamba maji aliyaona "mazito" siku kadhaa kabla ya samaki wa kwanza kuelea. Nilimwuliza mbona hakusema. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza: "Ningemwambia nani?"

Niliandika habari ya mistari minane. Neno la mvuvi sikulitia, maana niliona si la kitaalamu; nikatia la ofisa mmoja aliyesema jambo linachunguzwa. Leo najua ya kuwa katika habari ile nzima, lile swali la mvuvi ndilo lililokuwa habari. Yeye alikuwa amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya mlinzi, tena bila mshahara: ametazama, amelinganisha na mazoea, ameona tofauti. Nusu ya pili, chupa ya maji yenye tarehe na mahali, hakuna aliyempa.

Ndiyo sababu sipendi nisikiapo vijana wetu wasomi wakiyaita maneno ya wazee ushirikina, wala sipendi wazee wetu wanaposema hadubini ni mambo ya Wazungu. Bibi hakuwa na hadubini, lakini alikuwa na miaka mia mbili ya watu waliokula wakafa na watu walioona wakakumbuka. Binti wa Mtwapa ana hadubini, lakini umri wa daftari lake ni misimu miwili. Na akina mama wetu wanaoteremka na maji ya bamvua kuokota chaza na kome hawawezi kumngoja mmoja akue wala mwingine afufuke.

Tulirudi ufukoni alasiri. Nahodha alikuwa kimya tangu alipotazama ndani ya hadubini, naye alitazama kwa muda mrefu, jicho moja, kisha la pili. Tukiwa tunapakua vyombo akamwita binti.

"Mjukuu wangu, wewe waja hapa mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwezi, babu, nikipata nauli."

"Mimi niko hapa kila siku aliyoiumba Mungu." Akanyosha mkono kwenye kikapu. "Niachie chupa nne, na hiyo dawa yako ya rangi ya chai. Na unionyeshe mahali pa kuandika tarehe."